Mtani Akiacha Kukuibia

Nyumbani kwa Hamidu, pale Newala mjini, Dorika hakuwa na desturi ya kubisha hodi. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akafunua sufuria, akachota alichokikuta, kisha ndipo akatoa shikamoo, mdomo umejaa. Mama Tahiri, mke wa Hamidu, aliitikia marahaba huku amemwinulia mwiko.

"Wewe Mmakonde, kwenu hamfundishwi hodi?"

"Tunafundishwa, mama. Hodi kwenye nyumba za watu. Kwa Wayao tunaingia tu."

Hapo wote walicheka, na mboga ikawa imepungua.

Mgeni asiyejua angedhani anatazama ugomvi. Ukoo wa Hamidu na ukoo wa Nikolao, baba yake Dorika, walikuwa watani tangu enzi za mababu, na utani wao haukuishia mdomoni. Mtani aliruhusiwa kukutukana, kukupora, kuanua kanga yako kambani na kuondoka ameivaa, nawe usiwe na pa kushtaki. Dawa yake ilikuwa moja tu, uende kwake ukapore kikubwa zaidi. Na mtu wenu akifa, mtani ndiye anayekuja kuuvuruga msiba. Anamwigiza marehemu, anazuia jeneza, anateka chakula cha waombolezaji, mpaka apewe chochote kidogo ndipo aachie. Wazee wa huku wanasema msiba usio na mtani ni msiba wa watu waliogombana na dunia nzima.

Faidha, binti wa Hamidu, alikuwa rika la Dorika na walisoma darasa moja tangu la kwanza. Naye mkono wake haukuwa mfupi. Kuna Krismasi alikuja kwa kina Dorika amevaa vizuri, akasalimia wakubwa kwa adabu zote, akakaa, akasifia maua ya kitambaa cha meza, kisha akanyanyuka na sinia la kuku mzima na kutoka nalo mbio. Mama Dorika, ambaye jina lake ni Yuster, alimkimbiza hadi barabarani kanga ikimdondoka, na wapita njia wakamshangilia mwizi. Wiki iliyofuata Dorika alichukua ndala mpya za Faidha, akazivaa hadi zikaisha soli. Hakuna aliyeweka hesabu. Wangeweka, nadhani Faidha angekuwa mbele kidogo.

Mambo yalipoanza kuharibika, yaliharibika upande mmoja tu.

Nikolao hakuwa mlevi wala hakuwa na nyumba ndogo. Kosa lake lilikuwa haraka. Huku juu mlimani Newala maji ni mali. Mwenye kisima cha saruji chini ya ardhi, kile kinachojazwa na mvua ya paa, kiangazi huwauzia wenzake ndoo kwa ndoo na watu humwita mzee hata kama hana mvi. Nikolao akaamua na yeye awe mzee. Fedha hakuwa nayo, lakini mwaka ule mikorosho yake ilitoa maua ambayo hata wenye wivu waliyasifu. Akafanya jambo ambalo wengi hulifanya na wote hulificha, akauza korosho zingali maua. Mnunuzi mmoja wa Tandahimba aitwaye Ashiru alimpa fedha mwezi wa saba kwa ahadi ya magunia ya mwezi wa kumi, kwa bei ambayo Nikolao hakumwambia hata mkewe.

Akachimba shimo uani, refu kuliko yeye. Akanunua nusu ya saruji. Kisha ukungu ukashuka asubuhi baada ya asubuhi, ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, ukaingia kwenye maua, na salfa ya kupulizia haikuwepo kwa sababu fedha ya salfa ilikuwa imekwisha kuwa saruji. Maua yakakauka yakawa meusi kama majani ya chai. Haraka haraka haina baraka, na Nikolao alilijua neno hilo kabla hajachimba, kama tunavyolijua sote.

Ashiru hakupiga kelele. Alikuja na mwenyekiti wa kitongoji na mashahidi wawili, wakazunguka shambani, na waliporudi mikorosho ilikuwa yake kwa misimu mitatu. Baada ya hapo ikaondoka pikipiki, wakaondoka mbuzi, kikaondoka kitanda cha chumba cha wageni. Saruji iliyobaki iliganda ndani ya mifuko. Shimo halikununuliwa na mtu. Masika lilijaa maji machafu, na vyura wakahamia.

Sasa, huyu Nikolao ndiye aliyekuwa mtani mkubwa wa upande wao. Alipokufa baba yake Hamidu kule Masasi, Nikolao alivaa kanzu ya marehemu, akachukua na fimbo yake, akawapitia waombolezaji mmoja mmoja akiwadai madeni ya marehemu, hata watu waliokuja kulia wakaondoka wameshika mbavu. Mpaka leo Masasi wanaisimulia. Mtu huyo baada ya mikorosho kwenda alikaa kando ya shimo lake jioni hadi jioni, na ukimtania anakwambia, "Ndiyo, bwana," basi. Yuster alikwenda kubangua korosho za watu kwa kibarua, na mafuta ya maganda yakamla vidole vikawa vyeusi. Jioni walikula ming'oko, mizizi waliyoichimba porini, kwa chumvi, siku chumvi ilipokuwepo.

Dorika hakujua kwamba njaa inaweza kuingia hata kwenye utani. Alilijua siku moja jikoni kwa Mama Tahiri. Alifunua sufuria kama siku zote. Hakuwa amekula tangu jana yake. Alichota maharage akayameza bila kutafuna, akachota tena, na alipoinua macho amkute Mama Tahiri na mwiko wake, alimkuta amesimama mikono mitupu, anamtazama.

"Kula, mwanangu," Mama Tahiri akasema. "Kula taratibu."

Mwanangu! Si Mmakonde, si mwizi, si mbwa wewe. Dorika alifunika sufuria akaaga.

Kesho yake Tahiri, kaka yake Faidha, alileta beseni lililofunikwa kitambaa safi. Ndani mlikuwa na unga, sukari na chupa ya mafuta. Yuster alilipokea kwa mikono miwili akashukuru sana, na usiku ule walikula wakashiba. Beseni halikuwa na kosa. Dorika aliula ugali ule na alikuwa na hasira, na hakujua hasira hiyo ampelekee nani.

Akaanza kumwangalia Faidha. Faidha alikuwa bado anakuja, anakaa, anazungumza habari za shule, lakini hachukui kitu. Hata kipande cha muhogo. Dorika akaanza kumtegea. Alianika kambani kanga moja nzuri iliyobaki ya mama yake, ile ambayo zamani Faidha asingeiacha ifikishe adhuhuri. Faidha akapita chini yake akiinamisha kichwa. Akamwekea sahani ya ming'oko karibu na goti.

"Si uibe basi," Dorika akasema.

"Nimeshiba," Faidha akasema, na akaikalia mikono yake.

Dorika alitamani kumpiga. Mtani akikuibia, anakuambia kwamba unacho. Siku anapoacha, ujue amekwisha kukupima, na wewe mwenyewe unaanza kujiona kwa macho yake. Kulala na njaa Dorika aliweza, na kurithi viatu vya mama yake kwenda navyo shule aliweza pia. Lakini kupoteza haki ya kuporwa, hiyo aliiona ni kama kufutwa kwenye orodha ya watu.

Walikuwa wamefika kidato cha tatu. Mwaka huo walihamia wasichana wawili, Salome na Julia, watoto wa watumishi wa serikali waliotoka mikoa ya mbali, na Faidha akawa anakaa nao. Walikuwa na simu, walikuwa na mambo ya kucheka yaliyokuwa ndani ya simu hizo. Hawakuwa watu wabaya. Salome mara mbili alimpa Dorika kalamu bila kuambiwa.

Siku ya viatu ilikuwa Ijumaa. Dorika alipita kwa kina Faidha baada ya shule akawakuta wote watatu barazani, na katikati yao jozi ya viatu vyeupe vya raba, vipya, zawadi kutoka kwa shangazi yake Faidha wa Masasi. Dorika akaamua. Aliona kama utani unakufa, basi yeye aushike mguu auvute urudi. Alivua vyake, akaingiza miguu kwenye vile vyeupe, akafunga kamba, akaondoka akitikisa mabega kama bibi harusi anayejua kuwa anatazamwa.

"We!" Salome akaruka. "Viatu vya watu hivyo! Faidha, anavichukua!"

Zamani Faidha angemfukuza hadi sokoni akimtukania babu na bibi. Dorika alikuwa amefika langoni, masikio nyuma, akimsubiri.

"Mwache tu," Faidha alisema kwa sauti ya chini, ile ambayo mtu huitumia akiwa hataki mgonjwa asikie. "Kwao kuna shida."

Dorika akageuka. Akarudi, akakaa ngazini, akafungua kamba moja baada ya nyingine. Akavifuta vumbi kwa sketi yake ya shule, akaviweka sambamba pale alipovikuta.

"Nilikuwa natania," akasema.

"Najua," Faidha akajibu, na akatazama kando.

Tangu hapo Dorika hakukanyaga jiko la Mama Tahiri. Shuleni walisalimiana kama wanavyosalimiana watu waliopanga nyumba moja. Mama Tahiri alimtuma mtu kuuliza kama mtoto anaumwa. Yuster akajibu kwamba ni mitihani.

Halafu ikaja habari kwamba Bi Mwanakombo, mama yake Hamidu, amefariki kule Masasi, na mazishi ni kesho baada ya swala ya adhuhuri.

"Tunakwenda," Yuster akasema.

Nikolao alikuwa amekaa palepale kando ya shimo. "Twende na nini? Sina hata ya rambirambi."

"Tangu lini mtani akaenda msibani na kitu? Mtani anakwenda kuchukua."

"Hiyo ni kwa mtani mwenye chake, Mama Dorika." Dorika aliyasikia yote, kwa kuwa alikuwa mlangoni anachambua mboga. "Mtu mwenye chake akiteka sufuria la msiba, watu wanacheka. Mimi nikiliteka, watasema, jamani, mpeni ale. Na watakuwa wamesema kweli. Nikishapewa chakula hivyo mbele ya Wayao wote wa Masasi, mimi si mtani tena. Mimi ni ombaomba. Na mtoto wangu ni mtoto wa ombaomba."

Yuster aliingia ndani kutafuta kanga ya kujifunga.

Jirani mmoja alikuwa anateremsha mihogo Masasi kwa lori lake, akawapakia bila malipo. Waliteremka milima ile asubuhi na mapema, baba mbele na dereva, mama na binti nyuma juu ya mihogo, na baada ya saa kadhaa wakafika.

Msiba ulikuwa mkubwa. Wanaume walikuwa chini ya turubai, wanawake wamejaa ndani na uani, na kando ya ua akina mama wa jikoni walikuwa wameosha mchele na wanapanga mafiga. Nikolao alipeana mikono na wafiwa, akasema pole, pole sana, akaenda kukaa mwisho kabisa wa mkeka, kofia yake juu ya magoti kama mgeni aliyepotea njia. Watu walimtazama wakangoja. Kila aliyekuwepo msiba wa zamani alijua kwamba sasa hivi mtu huyu atasimama. Hakusimama. Kilio kilipanda, kikashuka, kikapanda, na hakuna aliyekivunja. Ukawa ule msiba mzito unaowachosha hata wafiwa wenyewe.

"Mwaka huu watani wamekufa kabla ya marehemu?" mzee mmoja akauliza kwa sauti. Nikolao aliikunja kofia yake mara mbili.

Dorika aliyasikia akiwa uani. Alimwona Faidha kwenye mkeka wa wafiwa, ushungi umemfunika hadi machoni, ameegemea bega la mama yake. Bi Mwanakombo ndiye aliyemlea hadi alipoanza shule. Akamtazama baba yake kule mwisho. Akaogopa kwelikweli, kwa sababu aliyakumbuka maneno ya jana yake na alijua kwamba yeye pia hakuwa amekula chochote tangu asubuhi. Akisimama, na watu wasicheke, basi yatakuwa yamekwisha, kwake na kwa baba yake. Na asiposimama yatakuwa yamekwisha vilevile, ila polepole.

Akasimama.

Alijikunja mgongo, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kopo la ugoro lisilokuwepo, akaanza kutembea kwa mwendo wa Bi Mwanakombo, ule wa mguu mmoja kuburuta na mwingine kugomba. Akafika kwenye mafiga. Akalitwaa sufuria kubwa la kukodi lililokuwa tupu likingoja maji, akalifudikiza chini, akalikalia. Akaunyakua na upawa.

"Hakipikwi kitu hapa!" akasema kwa sauti ya kikongwe. "Nimekufa jana tu, mmekwisha kulifungua gunia langu? Nani kawaambia mpike mchele wote huu? Na nyinyi mliokaa pale, mmekuja kunizika au mmekuja kula?"

Bi Mwanakombo alikuwa hivyo hivyo hasa, Mungu amrehemu, na aliyemjua yeyote angetambua. Lakini hakuna aliyecheka. Wanawake walimtazama yule binti mwembamba, sketi imemzidi kiuno, ameng'ang'ania upawa, na kile walichokiona kikawa kingine.

"Huyu si mtoto wa yule aliyenyang'anywa mikorosho?" mmoja akanong'ona.

Mama mmoja wa makamo akatoka ndani na sahani ya wali wa jana, akainama mbele yake. "Haya, mwanangu. Usione haya. Mpeni na maji, jamani, mtoto ana njaa."

Dorika hakuigusa sahani. Uso ulikuwa unamwaka moto. Hamidu mwenyewe akaja kutoka turubaini, macho mekundu, akiwa bado na tasbihi mkononi. Aliingiza mkono mfukoni, akatoa noti ya shilingi elfu kumi, akaikunja ili watu wasiione, jambo ambalo lilifanya kila mtu aione.

"Chukua," akasema kwa upole. "Umpe mama."

Dorika alimtafuta mama yake kwa macho. Yuster alikuwa amekaa ukutani na akina mama wengine, na alikuwa haangalii binti yake, alikuwa anaangalia noti. Vidole vyake vyeusi vilikuwa vimeinuka kidogo kutoka mapajani.

"Baba Tahiri," Dorika akasema, na sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe, "hiyo ni sadaka. Wenye kupewa sadaka wako msikitini, wapelekee. Mimi ni mtani wako. Nimemwigiza mama yako, nimezuia na chakula chake, nawe unanipa sadaka? Nilipe ya mtani."

Hamidu alibaki ameshika noti, hajui airudishe au aisukume. Alikuwa mtu mwema na wema wake ulikuwa umemkwama mkononi.

Ndipo Faidha alipoinuka mkekani.

Ushungi ulimwangukia mabegani. Macho yalikuwa yamevimba, kamasi zinamtoka, na alikuja moja kwa moja hadi mbele ya sufuria akasimama mikono kiunoni.

"Usimpe, baba!" akasema. "Elfu kumi? Kwa elfu kumi si tunamnunua yeye, na baba yake, na chenji inabaki? Mmakonde mwenye njaa, wewe! Baba yako kauza maua kama kipepeo! Kachimba kisima, badala ya maji akapata vyura! Kwenu kumekwisha, mmemaliza mpaka kitanda, sasa mmeteremka Masasi kuja kutuuzia sufuria letu wenyewe? Toka hapo, utatutilia vumbi la Newala kwenye wali!"

Mtu akasema, "Astaghafirullah." Hakuna aliyewahi kuyatamka mambo yale mbele ya mtu wa nyumba ile. Miezi mitano yalinong'onwa sokoni, bombani, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, na kila aliyewakuta kina Dorika aliyafunika haraka kwa "poleni". Sasa yalikuwa yamemwagwa uani pa watu, moja moja, mpaka vyura.

Na Dorika alifurahi. Alifurahi hadi machozi yakamtoka. Atakayeshangaa, basi hajawahi kuhurumiwa muda mrefu.

"Kapande mbinguni ukamwambie bibi yako," akamjibu Faidha, akicheka na kulia, "kwamba mjukuu wake ana mdomo kama mlango wa godauni! Mlia kamasi wewe! Silitoi!"

Mwanamke mmoja akaguna kicheko, akakibana. Lakini wengine walikuwa wamegeuka kutazama upande wa wanaume, kwa kuwa matusi yale yalikuwa yamempita binti yakamfikia baba. Nikolao alikuwa amesimama. Dorika alimwona anaivaa kofia yake, anaiweka sawa, na moyo ukamshuka. Alijua anaondoka.

Nikolao akavuka turubai taratibu, akapita katikati ya watu, akafika kwa Hamidu, akamwangalia juu hadi chini.

"Shemeji Myao," akasema, "nasikia vijana wako wamekwenda kuchimba kaburi. Kwa nini mnapoteza nguvu za watu? Mimi shimo ninalo. Refu, pana, limekwisha kuchimbwa, na nusu ya saruji ipo. Mleteni Bi Mwanakombo Newala. Nitawapa kwa bei ya ndugu, na vyura watamsomea dua usiku na mchana!"

Kicheko kililipuka kuanzia turubaini hadi jikoni. Yule mzee aliyeuliza habari za watani alipiga fimbo chini. Hamidu alicheka akiwa amejishika tumbo, kisha kicheko kikageuka, na hapo ndipo alipomlilia mama yake kwa sauti, kama mtoto, kwa mara ya kwanza tangu jana. Nikolao akamshika bega. Kisha akamvua kofia ya viua iliyotariziwa aliyokuwa ameivaa, akaiweka juu ya kofia yake mwenyewe, akatoka nje na kofia mbili kichwani kwenda kuwasumbua wachimba kaburi.

Hamidu alirudisha noti mfukoni. Akatafuta, akapata sarafu ya mia mbili, akamtupia Dorika miguuni kwa dharau inayotakiwa. Dorika akaiokota, akaing'ata kupima kama si bandia, akainuka. Akina mama wakalichukua sufuria lao wakateka maji.

Baada ya mazishi, watu walipokwisha kula, Dorika na Faidha waliosha vyombo pamoja kwa mchanga na majivu, kwa sababu ndivyo walivyojikuta.

"Nilikuwa naogopa," Faidha akasema hatimaye. "Nikichukua kitu kwenu, nilikuwa nawaza mtalala njaa."

"Tulilala njaa vilevile," Dorika akasema.

Faidha akasugua sahani ile ile muda mrefu. Kisha akaeleza kwamba baba yake ameamua abaki Masasi na shangazi, nyumba ya bibi isikae tupu, na shule atahamia hukuhuku muhula ujao. Kwa hiyo hata kama wangetaka kurudi walivyokuwa, nafasi haikuwepo. Dorika aliumia, akamwambia kwamba ameumia. Kisha akamwambia kwamba Wayao wa Masasi watamkoma. Hawakuahidiana kupigiana simu. Dorika hakuwa na simu.

Jioni lori liliwapakia tena, tupu sasa, na likaanza kupanda. Nikolao alikuwa mbele na dereva, na sauti yake ilisikika hadi nyuma akisimulia msiba tangu mwanzo, ile kofia ya Hamidu ingali kichwani. Yuster na Dorika walikaa nyuma juu ya magunia matupu, migongo imeegemea chuma. Upepo wa juu ulikuwa umeanza kuwa wa baridi, na Yuster akaifungua kanga yake akamfunika binti yake nusu.

"Ile noti ilikuwa unga wa wiki nzima," akasema.

"Najua, mama."

"Na chumvi. Na sabuni ya baba yako."

"Najua."

Lori likapiga kona moja, likapiga nyingine. Mbele kule dereva alikuwa anacheka.

"Mimi ningeipokea," Yuster akasema. Aliitazama mikono yake, akaiingiza chini ya kanga. "Mkono ulikwisha kuinuka, na ulikuwa hauniulizi. Namshukuru Nnungu kwamba aliyekuwa juu ya lile sufuria ni wewe."